Gari Lenye Homa na Baridi

Mshale wa joto ulipovuka nusu, Mama Honi alizima injini, akafungua mlango na kusema bila kumtazama mumewe, "Shuka tusukume."

Mumewe alishuka. Foleni ya ukaguzi ilikuwa imejikunja kuuzunguka uwanja mzima, na kila gari la mbele liliposogea, wengine waliwasha, wakasogea, wakazima. Wao wawili walisogea kwa mabega. Mama Honi alishika usukani kupitia dirishani, huku bega lake likisukuma nguzo ya mlango. Mumewe aliinama nyuma, pua karibu na yale maandishi ya njano, WANAFUNZI, akisukuma kwa viganja.

"Bwana Stoo!" alipiga kelele dereva wa teksi aliyekuwa nyuma yao. "Mzigo huo umeutolea risiti?"

Watu wakacheka. Jina hilo alipewa zamani, alipokuwa mtunza stoo wa kiwanda, na wakati ule lilikuwa jina la heshima. Kiwanda kilipopunguza watu, stoo ikaondoka, jina likabaki.

"Hucheki?" mkewe alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Nicheke nini?"

"Ukicheka watanyamaza."

Alijaribu kucheka. Kikatoka kitu kama kikohozi.

Mtu asiyewahi kuishi kwa gari hawezi kuelewa jinsi mshale mdogo kama kijiti cha kiberiti unavyoweza kushika roho za watu watatu. Shule ambayo Mama Honi aliibebea wanafunzi ilikuwa imetoa neno: muhula ukifunguliwa Jumatatu, gari lisilo na stika mpya ya ukaguzi halivuki geti. Na tayari alikuwepo bwana mmoja mwenye basi jeupe, viti bado vimevikwa nailoni, aliyekuwa akipita ofisini kwa mwalimu mkuu kila siku kusalimia. Mtu hasalimii ofisi kila siku kwa sababu ya adabu. Binti yao alisoma shule hiyo hiyo kwa nusu ada, na nusu ile nyingine ndiyo gari hili. Gari likikosa stika, mama anakosa kazi na mtoto anakosa dawati.

Zamu yao ilifika. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye glavu safi kupita kiasi. Alichomeka fimbo ya mashine yake kwenye bomba la moshi, akasogea mbali, akapepea mkono mbele ya pua.

"Kanyaga. Achia. Kanyaga tena. Mama, gari hili linakunywa petroli au linaioga?"

"Ni la siku nyingi, mwanangu."

"Mimi si mwanao, ni mkaguzi. Limefeli."

"Nirudi lini?"

"Kesho tunafanya kazi nusu siku. Baada ya hapo mpaka wiki ijayo, katikati."

"Shule inafunguliwa Jumatatu."

"Sasa mimi ndiye niliyeifungua?" Akamwita wa nyuma. "Sogeeni, mnaziba njia."

Walisukuma tena, mpaka nje.

Fundi wao aliitwa Kimya, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kunyamaza. Gereji yake ilikuwa banda la mabati, sakafu yake udongo ulioshiba mafuta hadi ukang'aa. Kiti cha wageni kilikuwa kiti cha nyuma cha gari ambalo lenyewe halikuwepo tena. Hapo walikaa wateja wawili waliokuja na magari yao asubuhi na sasa hawana haraka, wanasubiri kuona ya wenzao.

"Linachemka wapi?" aliuliza Kimya.

"Wapi tena, fundi? Kwenye injini."

"Dada, nakuuliza kama daktari. Mtu akisema anaumwa, namwuliza unaumwa ukila au ukilala. Mlimani? Kwenye foleni? Asubuhi?"

"Kwenye foleni. Na pale getini nikisubiri watoto watoke. Wazazi wananiangalia mimi na mvuke wangu kama nimekuja kuuza mahindi."

"Na ukiwa barabarani, umekaza mwendo?"

"Hapo halina shida hata kidogo. Mshale unalala chini kabisa, kama halijawashwa."

Kimya akautoa mdomoni ule ujiti aliokuwa anautafuna. "Chini kabisa?"

"Kabisa."

Mama Honi alidhani ametoa habari njema. Mumewe alikuwa anatazama ncha za kandambili zake.

"Basi hapo ndipo sipapendi," alisema Kimya. Akafungua plagi moja, akaileta mbele ya macho yao. Ilikuwa nyeusi tii. "Ona masizi. Hii ni sufuria ya kuni. Injini ikiwa na baridi, kompyuta yake inaiongezea petroli ijipashe moto, kama mama anavyomwongezea mtoto uji. Ikishapata joto, inapunguza. Sasa hii haipati joto. Kila saa kwake ni alfajiri. Inaongezewa, inaongezewa, nyingine haiungui, inatoka nyuma. Ndiyo harufu. Ndiyo waliyokufelishia. Lakini hapo hapo mnaniambia linachemka! Mtu akiwa na homa na baridi kwa pamoja tunamkimbiza hospitali. Gari likiwa hivyo, mimi najua limelishwa kitu. Nani amelilisha?"

"Hakuna," alisema Mama Honi.

Jasho lilimteremka mumewe mgongoni, na si kwa sababu ya mabati.

Yeye ndiye aliyelilisha, au tuseme, aliyelinyang'anya. Wiki ya mapumziko ya katikati ya muhula uliopita, mkewe alipokwenda kumuuguza dada yake, gari lilibaki uani, naye akabaki nalo. Jirani, mzee aliyewahi kuendesha malori, akaegemea ukuta na kumpa elimu. "Linachemka? Toa thamostati, bwana. Kile ni kidude cha nchi za theluji, kinayabana maji mpaka injini ipate joto. Sisi hapa na jua letu tunabana maji ya nini? Kitoe, maji yapite." Akakitoa. Alitaka mkewe akirudi alikute gari halichemki, ashangae, aulize nani amelitengeneza. Alikuwa hata ameandaa jinsi atakavyojibu, kwa kutojali, huku anasoma gazeti. Mke akarudi. Gari likaendelea kuchemka vile vile. Na kazi iliyoharibika hakuna anayejitokeza kuidai.

Kimya aliwasha injini, akaiacha iungurume papo hapo bila kusogea. Walisubiri. Mshale ulipanda, ukapita nusu, ukaendelea. Mama Honi alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

"Tazameni feni," alisema Kimya. Feni mbele ya rejeta ya maji ilikuwa imetulia kama picha. Akachukua mpini wa nyundo, akaigonga mgongoni, ko ko. Feni ikashtuka, ikazunguka kidogo, ikakata tamaa. "Huyu amelala kazini. Kaboni za mota zimekwisha. Ukiwa unakimbia, upepo unapita wenyewe. Ukisimama, hakuna wa kulipepea. Homa tumeipata, na mota nyingine ninayo, nimeing'oa kwenye gari lililogongwa. Tutafute baridi."

Alizima, akaiacha injini ipoe, akala muhogo wake na kuwasimulia wote habari za mkwewe. Kisha akainamia pale ambapo bomba la juu la rejeta linaingia kwenye injini. Akanyamaza. Kimya kunyamaza ni dalili mbaya.

"Boliti hizi zimeguswa. Angalia kichwa kilivyotafunwa. Aliyefungua hakuwa na spana, alitumia koleo." Akafungua, akachungulia. "Nyumba tupu! Thamostati haipo. Maji yanapita tu bila kuulizwa, injini itapataje joto? Na hii..." Akabandua kipande cha karatasi ngumu kilichozibia pale, kimekatwa kwa mkasi wa nyumbani, kingo zake zina mawimbi. "Gasketi gani hii? Ona, ina rangi! Fundi wenu ananunua vipuri duka la viatu?"

Wale wawili kwenye kiti cha nyuma wakacheka wakapigana mabega.

Mama Honi alikichukua kile kipande. Upande mmoja ulikuwa umelowa na kuwa kahawia, lakini upande wa pili bado ulionyesha ile bluu, na nusu ya taji la dhahabu. Bluu hiyo aliijua. Mpaka juzi juzi, kila asubuhi akifungua kabati aliiona pale juu. Lilikuwa boksi la viatu vyeusi ambavyo mumewe alivinunua kwa ajili ya siku atakayoitwa kazini tena, na ambavyo havijawahi kukanyaga chini.

Hakumtazama mumewe. Alikikunja kile kipande ndani ya kiganja.

"Ni mimi," alisema. "Lilinizimikia njiani. Nikamwita fundi wa pale pale barabarani, akakitoa."

"Fundi wa barabarani!" Kimya alijipiga paja. "Dada yangu, wewe mtu mzima! Si bora ungempa mbuzi aliangalie? Gari ndilo linalokulisha, halafu unamwachia mpita njia na koleo lake."

"Nilikosea."

"Ulikosea sana. Na sasa tuna msiba, maana thamostati ya injini hii madukani haipo. Ni ya kuagiza. Wiki, wiki mbili. Huyo bingwa wako alikitupa kile kidude?"

"Sijui."

"Hujui! Basi stika muisahau. Feni nitafunga, lakini moshi uko pale pale."

Mama Honi aliinamisha kichwa. Alikuwa mwanamke wa kujibu. Makonda wote wa mji walimjua. Mumewe alimwona amesimama mbele ya wanaume wanne, ametukanwa kwa kosa ambalo si lake, na hajibu. Alidhani angeweza kuvumilia mpaka wafike nyumbani. Hakuweza.

"Hakikutupwa," alisema.

"Nini?"

"Hakikutupwa. Kiko nyumbani. Nilikitoa mimi. Yeye hakujua."

Mmoja wa wale wawili kwenye kiti cha nyuma akapasuka kwa kicheko. "Kumbe stoo bado inafanya kazi!"

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Bwana Stoo alisimama akawaacha wacheke. Kimya peke yake hakucheka. Alikuwa anawafikiria mke na mume hawa kama anavyoifikiria injini, nani kati yao anaugua nini.

"Shemeji," alisema taratibu, "kizima au kibovu?"

"Sijui. Nilikitoa tu."

"Nendeni nyumbani. Tieni maji kwenye sufuria, mkifunge na uzi, mkitumbukize, mchemshe. Maji yakipata moto kinatakiwa kifunguke, kama mdomo wa samaki. Kikifunguka, kileteni mbio. Kikigoma, msipoteze nauli yenu. Nipigieni simu, tupeane pole."

Walipanda basi wakarudi nyumbani. Chumbani, mume alitoa mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na vile viatu vyeusi, vimezungushiwa gazeti. Akaingiza mkono kwenye kiatu cha kulia, ndani kabisa kwenye vidole, akatoa kidude cha shaba kisichozidi kifuniko cha chupa ya maziwa.

Jikoni, Mama Honi alikwishawasha jiko. Akakifunga kwa uzi wa cherehani na kukishusha ndani ya sufuria. Walisimama wakiinamia, vichwa karibu kugusana.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza, macho yamo kwenye maji.

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba umekitoa."

"Ulirudi, gari likachemka siku ile ile. Ukasema, 'Hata gari nimechoka nalo, sijui nimewakosea nini watu wote mliomo nyumba hii.' Hapo ningesema nini?"

"Yalikuwa maneno ya uchovu."

"Yaliingia."

Viputo vya kwanza vilijishika kwenye ukingo wa sufuria. Kidude kilikuwa kimefumba.

"Nimesukuma gari mbele ya mji mzima," alisema Mama Honi. "Nikaitwa mvivu wa kutengeneza gari, na wazazi wa watoto. Mama mmoja ameniambia mwanawe anarudi nyumbani ananuka kama jenereta. Na wewe unajua. Unakaa pembeni yangu, unajua, na unanisukumia gari."

"Ndiyo maana nilikuwa nasukuma kwa nguvu."

Alitaka kukasirika zaidi, lakini jibu lile lilimkata makali. Mvuke ukaanza kupanda. Kidude bado.

"Na wewe," alisema mume, "kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilitaka wamcheke mtu ambaye kesho watamsahau. Mimi wakinicheka, nawapigia honi nawapita. Wewe ungeshinda nayo."

Maji yalianza kucheza. Uzi ulitikisika. Mama Honi aliushika kwa vidole viwili, akakiinua, akakishusha. Kimefumba. Aliwaza geti la shule, mlinzi akitikisa kichwa, basi jeupe likipita kando yake. Aliwaza binti yake akirudishwa na barua mfukoni. Mume aliwaza kwamba kama kidude kimekufa, kimefia ndani ya kiatu chake.

"Hakifunguki," alisema.

"Subiri."

"Maji yamechemka!"

"Hayajachemka, yanajitia. Wewe lini umepika? Subiri."

Kisha maji yakachemka kweli, sufuria nzima ikinguruma, na kile kisahani cha katikati kikaanza kushuka, polepole, bila sauti, kama jicho la mtu anayeamka asiyetaka ajulikane kwamba kaamka. Kikafunguka mpaka mwisho. Wakakitoa kwenye maji, kikafumba chenyewe. Wakakirudisha. Kikafunguka tena.

"Kilikuwa kizima," alisema mume. Sauti yake haikuwa na furaha yoyote. "Siku zote hizo. Kilikuwa kizima."

Mkewe alizima jiko. "Vaa shati. Twende."

Kimya alifunga feni, akafunga thamostati, akakata gasketi mpya kwenye karatasi ya kazi hiyo, plagi akazisugua mpaka zikarudisha sura. Alipokuwa anakaza boliti ya mwisho aliongea kama kawaida yake. "Mnaona? Huyu hakuwa na kosa lolote. Anafanya kazi yake vizuri, mtu anakuja, anamfukuza bure. Na aliyekuwa amelala usingizi, feni, anaachwa kazini!" Akainua uso. Hakuna aliyecheka. Mume alikuwa anatazama barabarani, mke anatazama mgongo wa mume. "Nimesema nini? Hela mtanimalizia wazazi wakishalipa nauli. Kesho asubuhi likimbizeni kwanza barabara kuu, masizi yatoke, ndipo muende kwa hao wenye glavu."

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu kuliko ya jana, maana wote walioshindwa walirudi na wote waliochelewa walikuja. Mama Honi hakuzima injini. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya usukani kana kwamba ungemkimbia. Mshale ulipanda, ukafika nusu. Akashusha mkono kwenye ufunguo.

"Ngoja," alisema mumewe.

"Jana ulipofika hapa..."

"Ngoja kidogo."

Mbele, chini ya boneti, kitu kikavuma. Feni. Ikavuma kama mtu mnene anayeshusha pumzi baada ya kupanda ngazi. Mshale ulitetema, ukarudi unywele mmoja, ukatulia katikati. Nyuma yao yule dereva wa teksi alipiga honi. "Leo hamsukumi? Mmetunyima sinema!"

"Nenda stoo ukaulize," alijibu Bwana Stoo kupitia dirishani, na safari hii watu walicheka upande wake.

Mkaguzi alikuwa yule yule. "Mama wa jana. Njoo usimame hapa kwenye mashine, utasaini. Wa kukanyaga mafuta yuko wapi?"

Mama Honi alishuka. Alimpa mumewe ufunguo wa akiba, ingawa injini ilikuwa inawaka na ufunguo huo haukuwa na kazi yoyote. Mume akahamia kiti cha dereva. Tangu kiwanda kimwachishe kazi, hakuwa amekalia kiti hicho mbele ya watu. Alisogeza kiti nyuma, akaweka mguu kwenye pedali ya mafuta.

"Kanyaga," alisema mkaguzi. "Pandisha. Hapo hapo! Shikilia hapo, usiongeze, usipunguze."

Alishikilia. Namba za mashine hakuziona. Kwenye kioo cha pembeni aliuona uso wa mkewe tu. Ulikuwa umekazwa, midomo ndani. Aliona mkaguzi akiinama kusoma. Akaona akigonga kioo cha mashine kwa kidole, kama asiyeamini. Paja lilimwuma. Alishikilia.

Mkono wa mkewe ukainuka kwenye kioo, kiganja wazi, haupungi, umesimama tu hewani: hapo hapo, mwenzangu, hapo hapo.

"Achia," alisema mkaguzi. Akaandika. Akabandua stika kwenye bunda lake, akaibandika kwenye kioo cha mbele kwa kofi moja, ikakaa upande kidogo. "Mmebadilisha injini au?"

"Tumelipepea," alisema Mama Honi. "Na tumelirudishia chake."

Mume alikwishafungua mlango ili ahamie upande wake, lakini mkewe alikuwa anazunguka mbele ya gari. Alifungua mlango wa abiria, akaingia, akavua viatu, akaikunja miguu kitini kama msichana.

"Endesha," alisema.

"Mimi?"

"Leseni unayo. Mimi nimechoka." Akatoa mfukoni kile kipande cha boksi cha bluu, kilichokauka sasa na kupinda. Akakitia kwenye kijidroo cha gari, akakifunga. "Ukiona mshale unapanda, uniambie. Ukiona unashuka, uniambie vile vile."

Akatia gia. Walipotoka getini alitazama mshale, akatazama barabara, akatazama tena mshale.

"Uko katikati," alisema.

"Nimesikia," alijibu mkewe, macho amefumba. "Endelea kuniambia."